Maji ya Juu

Binti wa ofisi alifika Nqwelweni siku ya Jumamosi, wakati wanaume wote walikuwa wamepanda lori kwenda kucheza raga ng'ambo ya mto. Alimkuta MamTolo peke yake uwanjani, mgongo umeinama, ndoo ya majivu mkononi, akichora mstari wa pembeni kwa ajili ya mechi ya watoto wa shule.

"Samahani, Mama. Nitampata wapi mzee wa kiume hapa?"

"Wazee wa kiume wameenda kung'olewa meno huko ng'ambo," alisema MamTolo bila kuinuka. "Kama shida yako inaweza kusikilizwa na mwanamke, niko mimi."

Binti akacheka. Alivaa viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama kwenye nyasi, na Kixhosa chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa Johannesburg, neno la huku na neno la kule. Alieleza kwamba serikali inaandikisha viwanja vyote vya michezo wilayani, nani anakitumia na tangu lini, ili baadaye watu wasigombane. Alikuwa na fomu na kalamu yenye kifuniko kilichotafunwa.

"Basi kaa," MamTolo akamgeuzia ndoo tupu. "Historia ya hapa haisikilizwi mtu akiwa amesimama."

Alikuwa haongezi chumvi. Baba wa mume wake alilala kitandani miaka saba kabla ya kufa, na ni yeye MamTolo aliyemwosha, akamlisha uji, akamgeuza ubavu. Miaka hiyo saba mzee hakuzungumza habari nyingine ila za kilabu. Kwa hiyo MamTolo aliijua kilabu kuliko watu walioichezea. Alimweleza binti kwamba mwaka wa thelathini na moja vijana kumi na tano walirudi kutoka machimboni na mpira mmoja tu. Milingoti ile minne waliikata wenyewe msitu wa juu, wakaikokota kwa ng'ombe siku mbili. Chokaa ya kuchorea mistari haikuwepo, wake zao wakatoa majivu mekoni, na hadi leo wake wa Nqwelweni ndio wanaochora uwanja kila Jumamosi asubuhi. Alimweleza pia habari ya Pasaka ya hamsini na mbili, walipoipiga timu ya mjini wakiwa watu kumi na watatu.

"Kumi na watatu? Wawili walikuwa wapi?"

"Walikamatwa njiani, hawakuwa na pasi za kuwaruhusu kuingia mjini. Polisi wakawaachia jioni. Walifika karamu imeshakwisha, kondoo ameshaliwa, wakapewa kichwa."

Binti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakumbuka kazi. "Na kilabu inaitwaje, Mama?"

MamTolo alifuta mikono kwenye aproni, mara moja, kisha mara ya pili.

"Maji ya Juu," alisema.

"Ni neno moja au matatu?"

"Andika unavyoona wewe."

"Na aliyeianzisha?"

"Baba wa nyumba ile pale."

"Jina lake?"

"Mbovane."

Hilo lilikuwa jina la ukoo wa nyumba nzima, mpaka yeye MamTolo aliitwa hivyo kwenye kitambulisho. Binti akaliandika, akageuza fomu, na MamTolo akatia sahihi kwa herufi za darasa la nne, kubwa na zilizonyooka. Hata mtoto wa pale angejua kilichotokea. Mke hatamki jina la baba wa mume wake. Mzee huyo kwenye vyeti aliitwa Jeremiah, jina la ubatizo lisilotumiwa na mtu. Jina lake la nyumbani, alilojulikana nalo milima yote ile, lilikuwa Zanemvula, yaani njoo na mvua, na kilabu iliitwa kwa jina lake. Miaka arobaini na moja MamTolo hakulitamka, wala hakutamka mvua yenyewe, kwa kuwa imo ndani ya jina. Hata Alhamisi, kanisani na akina mama wenzake wa Manyano, mawingu yakikawia alipiga magoti akasema: Bwana, tuletee maji ya juu. Mungu hakuwahi kuonekana kutoelewa.

Lakini binti alikuwa amelelewa Johannesburg.

*

Miaka mitatu baadaye karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa duka. Mgudlwa, mfyatuaji matofali wa mjini, alikuwa ameomba kuchimba udongo mwekundu mahali palipoitwa kwenye karatasi "kiwanja kisicho na mwenyewe, Nqwelweni".

Phakamile, mwanawe MamTolo, alikwenda ofisini siku hiyohiyo na shati lake la kanisani. Miaka mitano nyuma kiwanda cha magari cha Gqeberha kilikuwa kimempunguza kazi, akarudi nyumbani na begi moja na kiu isiyokatika. Kilabu ndiyo iliyomtoa kwenye pombe. Walimpa filimbi, wakamwambia awafundishe vijana, na mtu mwenye filimbi shingoni huona haya kulala mtaroni. Mama yake alilijua jambo hilo vizuri, ingawa hakuna aliyelisema mle ndani.

Alirudi alasiri, akakaa mezani bila kuvua kofia.

"Wamenionyesha karatasi ya zamani ya hakimu," alisema. "Imeandikwa wazi. Uwanja umetolewa kwa Zanemvula, kilabu ya raga, utumike maadamu ipo. Nikashangilia. Halafu wakanionyesha daftari jipya. Zanemvula haimo."

"Haimo vipi?" aliuliza mkewe, Zukiswa, akimpakulia mahindi na maharage.

"Kuna kitu kinaitwa Majiyajuu. Karani ananiuliza, bhuti, hiyo Majiyajuu ni kilabu au ni kampuni ya matangi? Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka nao, kama mpumbavu. Nikasema Nqwelweni hakuna kilabu ya jina hilo. Na hilo nalo wakaliandika."

Zukiswa alishusha mwiko polepole. Alitazama meza, asimtazame mtu.

Alikuwa msichana wa Mdantsane, aliyezaliwa kwenye nyumba za mstari za mjini. Mwezi wake wa kwanza pale aliona wingu, akapiga kelele, "Mvua inakuja, tuanue nguo!" Kulikuwa na wageni wa mazishi uani. MamTolo alimpa kikombe cha maji mbele yao wote asukutue kinywa, na siku hiyo hakumruhusu kula pamoja na wengine. Miaka minne ilikuwa imepita, na Zukiswa hakuwa amelisema neno hilo tena.

"Ni mimi," alisema MamTolo. "Yule binti aliniuliza, nikamjibu."

Phakamile alivua kofia sasa. Aliikunja, akaikunjua. "Basi ni wewe tu unayeweza kurekebisha. Wamesema aliyetia sahihi ndiye atakayesimama mbele ya baraza, aape, aeleze kwa mdomo wake kwamba jina lililomo ni lipi na mwenye jina alikuwa nani wake."

"Nitaandika."

"Kwa mdomo, Mama. Kuna mashine inayochukua sauti. Mashine haisomi."

"Wewe unaweza kulisema. Wewe ni damu yake."

"Nimeshawaambia. Wanasema mimi nilizaliwa juzi, tena nimekana mwenyewe kwa maandishi." Alijaribu kucheka. "Neno moja tu. Utasema mara moja, utarudi, utaombewa."

"Miaka arobaini na minne sasa," alisema mama yake. "Usiliite neno moja."

Alhamisi aliwaeleza wanawake wenzake. Mmoja akasema Mungu anaijua nia. Mwingine, aliyeolewa kama yeye katika ukoo uleule, akasema ndiyo, Mungu anaijua, lakini yule mzee aliyelala kule makaburini atasikia tu jina lake linaitwa na mkamwana kama anayeita mbwa, nia hataiona. Walimwombea kwa muda mrefu. Aliposimama magoti yake yalikuwa yamekufa ganzi, na bado hakujua la kufanya.

*

Baraza lilikaa Alhamisi iliyofuata, kwenye ukumbi wa mji. MamTolo alivaa sare ya Manyano, blauzi nyekundu, kola nyeupe, kofia nyeupe iliyopigwa pasi usiku uliotangulia mpaka ikasimama yenyewe. Alisafiri mbele kwenye lori. Nyuma vijana kumi na wanane walisimama wameshikana, wamevaa jezi zao za kijani na nyeusi, pamoja na wanawake wanane waliotaka kuona kama atasema.

Mlangoni askari aliwazuia. "Jezi nje. Hapa si uwanjani."

"Ndiyo nguo yetu nzuri," alisema mmoja wa vijana.

"Basi ivae huko kwenye jua."

Wakabaki kwenye jua.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mpole wa kutoka jimbo jingine, asiyejua Kixhosa, na kando yake alikaa mkalimani. Wakili wa Mgudlwa alikuwa mtu wa hukohuko kwao, mwana wa Kixhosa hasa, kijana mwenye suti ya kijivu. Alipomwona MamTolo aliinuka, akainamisha kichwa. "Tolo," alimsalimu kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. MamTolo alimpenda. Alifikiri, huyu walau ana wazazi.

Aliapa, mkono juu ya Biblia. Aliulizwa kama sahihi ni yake, akasema ni yake. Aliulizwa habari za kilabu, naye akazieleza zote, mpira mmoja, milingoti, majivu, wale wawili waliopewa kichwa cha kondoo. Mwenyekiti alitabasamu mkalimani alipofika hapo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Sasa, Mama," alisema mwenyekiti kupitia mkalimani, "kilabu hiyo jina lake nani?"

Wanawake wanane walikuwa benchi la nyuma. Mashine ya sauti ilikuwa na taa ndogo nyekundu, nayo ilimtazama.

Wakili aliinuka kwa upole. "Mwenyekiti, naomba tusimlazimishe mama huyu. Kwetu sisi ni jambo zito. Kama kweli ni jina la baba mkwe wake, hawezi kulitamka. Mwanamke wa heshima zake angekufa kwanza. Mimi mwenyewe nisingependa mama yangu afanyiwe hivyo. Daftari libaki kama lilivyo, sote twende nyumbani."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akamtazama MamTolo kwa huruma. Akaanza kufunga faili.

MamTolo aliona faili linafungwa. Kupitia dirishani aliona jezi kwenye jua, na Phakamile katikati yao, filimbi shingoni, anatazama chini. Alishika ukingo wa meza.

"Zanemvula," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ya msichana, kama haikuwa yake.

"Sijasikia," alisema mkalimani.

"Zanemvula!" Sasa ilitoka kubwa mno. "Kilabu ya Zanemvula. Ni baba wa mume wangu. Nimemwosha mimi, nimemzika mimi. Ni Zanemvula."

Benchi la nyuma mtu alivuta pumzi, kisha mwingine. Yule mwenzake wa ukoo uleule alijifunika uso kwa shuka. MamTolo alibaki amesimama, kofia imeinama upande, akingoja kitu ambacho hakukijua, labda radi. Hakuna kilichotokea. Taa nyekundu iliendelea kuwaka.

Wakili alipoinuka sauti yake ilikuwa ileile ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mwenyekiti, sasa nasikitika. Umesikia mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, mbele ya ofisa wa serikali, mama huyu hakusema Zanemvula, alisema Majiyajuu, akatia sahihi. Mwanawe naye ameandika kwamba Majiyajuu haipo. Leo anasema Zanemvula, tena kwa sauti kubwa, mara nne. Mimi nauliza swali moja tu la watu wa kwetu. Kama mzee huyo angekuwa kweli baba mkwe wake, angelitaja?"

Mkalimani alitafsiri. Mwenyekiti alikunja uso. "Hawezi kabisa kulitaja?"

"Waulize wanawake wale kule nyuma. Ni wa kijiji chake."

Mwenyekiti akawauliza. Je, mke wa Nqwelweni anaweza kulitamka jina la baba wa mume wake? Wanawake wanane walitazamana. Walikuwa wameapishwa pamoja na ukumbi mzima, nao ni watu wa kanisa. Yule mwenzake wa ukoo alifunua uso.

"Hawezi," alisema. Kisha akaona alichofanya. "Lakini huyu, baba, huyu kweli ni..."

"Ahsante, Mama. Inatosha."

"Kila mtu anajua!" alipiga kelele MamTolo. "Ulizeni milima! Phakamile! Njoo uwaambie mimi ni nani!"

Phakamile aliingia mbio mlangoni, askari akamkamata mkono, filimbi ikakatika kamba, ikadondoka sakafuni, ikabingirika hadi chini ya meza ya wakili. Vyeti vilitolewa, navyo vilisema Jeremiah. Mwenyekiti alivisoma mara mbili, kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Alisema anaona kuna kilabu mbili au hakuna hata moja, na hawezi kutoa uwanja kwa jina ambalo shahidi wake mwenyewe amelikanusha kwa kulitamka. Wakili aliinama, akaiokota filimbi, akamkabidhi MamTolo kwa mikono miwili.

Kurudi, hakuna mwanamke aliyetaka kukaa mbele naye. Walipanda nyuma na vijana, wakasimama.

*

Katapila lilikuja wiki ya sita. Lilianza na milingoti. Mitatu ilivunjika, wa nne uling'oka mzima, mzizi wake umeoza lakini juu bado ni mgumu kama siku ulipokatwa. Dereva aliuliza kama kuna anayeutaka kwa kuni. Kisha akautupa kando.

Vijana walitazama siku mbili, kisha wakaacha kuja. Watatu walikwenda kuomba kazi kwa Mgudlwa, ya kubeba matofali, wakapata. Phakamile hakuja kutazama hata siku ya kwanza. Alikuwa huko kwenye baa ya barabarani, na aliporudi jioni alitembea kwa uangalifu mwingi, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Filimbi ilikuwa juu ya kabati, na kamba yake MamTolo alikuwa ameshaifunga.

Alhamisi aliendelea kwenda kanisani. Hakuna aliyemfukuza. Walimwachia tu nafasi kubwa pande zote mbili za benchi, kama anavyoachiwa mtu mwenye kikohozi. Zamu ya kuombea mawingu ilipomfikia, mwenye kuongoza alimruka, akaita jina linalofuata.

Jumamosi moja asubuhi alizoa majivu mekoni kama kawaida, akajaza ndoo, akaibeba hadi mlangoni. Hapo akasimama. Mbele yake, mahali pa mstari wa pembeni, palikuwa na ukingo wa shimo jekundu. Aliiweka ndoo chini, akakaa kwenye kizingiti kando yake, mikono mieupe kwa majivu.

Zukiswa alikuwa uani. Alikuwa amezifua jezi zote kumi na nane, hakuna aliyemtuma, akazianika kwenye ua. Juu ya milima wingu lilikuwa limeshuka, jeusi chini, na upepo ulianza kuzipandisha zile jezi mikono juu.

"Mama!" aliita. "Maji ya juu hayo yanakuja! Nianue?"

MamTolo alitazama wingu muda mrefu.

"Mvua," alisema.

Zukiswa aligeuka, jezi moja mkononi. "Mama?"

"Ni mvua, mwanangu. Anua nguo."

Zukiswa alisimama. Alimtazama mkwewe kizingitini, kichwa wazi, majivu mpaka viwikoni. Kisha aliiweka jezi, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Hakuwa anamkejeli. Alipiga goti, akakitoa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa katika nyumba ile.

MamTolo alikipokea. Alikishika mapajani mpaka matone ya kwanza yakaanza kuanguka ndani yake. Hakusukutua. Mbele yao, kule uwanjani, shimo nalo likaanza kujaa maji.